Tumbo la Mtoto wa Kike Lina Habari Zake

Wanangu, msichana huzaliwa akiwa amekwisha kubeba hazina. Siku anapotoka tumboni mwa mama yake, macho bado hayajazoea mwanga, ndani yake mna mayai kati ya milioni 1 na milioni 2. Ni madogo mno, na yamehifadhiwa katika viungo viwili viitwavyo ovari, kimoja kulia na kingine kushoto. Miaka inavyokwenda mayai hayo hupungua yenyewe, na atakapovunja ungo yatakuwa yamebaki 300,000 au 400,000 hivi. Kati ya hayo ni kama 400 tu yatakayokomaa na kutoka, moja moja, katika maisha yake yote.

Nimeanza na hesabu hiyo kwa sababu watu wengi, wakiwamo watu wazima wenye busara zao, wanadhani ovari ni mambo ya akina mama. Mtoto wa darasa la pili akilia tumbo, watataja minyoo, watataja maembe mabichi aliyokula jana, watataja chango, ila ovari hawaitaji. Nayo imo humo tangu siku ya kwanza, na inaweza kuugua kama kiungo kingine chochote. Leo nataka kuwaeleza inavyougua, kwa nini wakati mwingine huugua kwa ghafla hata mtoto akakimbizwa hospitali usiku, na watu waliohangaika kuielewa. Wavulana nao wasikilize. Wana dada zao, na huenda siku hiyo wao ndio watakaokuwa nyumbani.

Kwa mwanamke mzima ovari ina urefu wa sentimita 3 hivi, nayo imetulia chini kabisa, ndani ya mifupa ya nyonga. Nyonga za mtoto bado ni nyembamba, hazina nafasi, kwa hiyo ovari zake hukaa juu zaidi, karibu na matumbo. Ovari ya mtoto ikivimba, uvimbe haujifichi. Unapanda, na mama anayemwogesha mtoto anaweza kuugusa katikati ya tumbo bila kujua ameshika nini. Na mtoto mwenyewe akiulizwa anaumwa wapi, mara nyingi anaonyesha kitovu.

Sasa chukueni mfano wa msichana wa miaka 8. Jioni ameruka kamba na wenzake hadi jua likazama. Amekula, amelala. Usiku wa manane anaamka anapiga ukelele, amejikunja, ameshika tumbo upande wa kulia chini. Anatapika. Bibi yake anamkanda kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, na baada ya saa moja maumivu yanapoa. Nyumba nzima inashukuru, inarudi kulala. Asubuhi maumivu yanarudi, makali kuliko ya usiku. Adhuhuri yanaondoka tena, na mtoto anaomba uji. Magharibi yamerudi, anatapika kila alichokula, na sasa hataki hata kuguswa.

Wapo watakaosema anadeka, kwamba mgonjwa wa kweli haombi uji. Lakini huko kuja na kuondoka kwa maumivu ndiyo alama yenyewe.

Ovari haikubandikwa kwenye ukuta wa tumbo. Inashikiliwa na kano, moja ikitokea kwenye mfuko wa uzazi na nyingine ubavuni mwa nyonga, na mishipa yake ya damu hupitia humo humo. Fikirini embe linavyoning'inia kwenye kikonyo. Embe changa ni jepesi. Upepo ukivuma linayumba na kurudi mahali pake. Likinenepa, upepo ukilizungusha, uzito wake wenyewe unaliendeleza, na kikonyo kinajisokota. Ovari yenye uvimbe wa sentimita 5 au zaidi imo katika hatari hiyo. Mtoto ameruka, au amegeuka tu kitandani, na ovari imezunguka mara moja, mara mbili. Ikijirudisha yenyewe, maumivu yanaondoka. Ikijisokota tena, yanarudi.

Ndani ya kikonyo kilichojisokota kuna mapambano. Vena, yaani mishipa inayorudisha damu kwenye moyo, zina kuta laini, kwa hivyo hubanwa mapema. Ateri, zinazoleta damu, zina kuta nene na zinasukumwa na nguvu ya moyo, kwa hivyo huendelea kuleta. Damu inaingia, haitoki. Ovari inavimba, inakuwa nyekundu, kisha zambarau, kisha nyeusi. Ikizidi kubanwa, hata ateri hushindwa, na hapo nyama huanza kufa. Hii ni kazi ya saa, si ya wiki.

Mtoto anaweza kupatwa na jambo hilo hata kama ovari yake haina uvimbe wowote, maana kano za watoto wengine ni ndefu na ovari ina nafasi ya kucheza. Linaweza kumpata hata mtoto ambaye hajazaliwa. Homoni za mama hupita hadi kwa mtoto aliye tumboni na kufanya ovari yake iote kifuko cha maji, ambacho altrasaundi ya mama mjamzito hukiona. Vifuko vingi vya namna hiyo hunywea vyenyewe miezi michache baada ya kuzaliwa, mtoto asijue kamwe kwamba alikuwa nacho. Vile vikubwa hufuatiliwa kwa karibu, kwa sababu vinaweza kujisokota.

Upande wa kulia hupatwa zaidi kuliko wa kushoto. Kushoto, sehemu ya mwisho ya utumbo mpana imejaza nafasi na kuizuia ovari isizunguke ovyo. Hapo ndipo fumbo linapokolea, maana kulia chini ndiko kiliko kidole tumbo, na kidole tumbo kikivimba nacho huleta maumivu, kutapika na homa. Si mara moja wala mbili madaktari wamefungua tumbo la msichana wakitafuta kidole tumbo, wakakikuta kizima, na pembeni yake ovari imekuwa nyeusi.

Chombo kinachosaidia kulifumbua fumbo hilo kabla ya kisu ni altrasaundi. Haina sindano wala mionzi. Inatumia sauti ambazo sikio la binadamu haliwezi kuzisikia, zinaingia mwilini na kurudi, na mashine inachora picha kutokana na zilivyorudi. Mtoto huambiwa anywe maji na asiende haja ndogo kwanza, kwa sababu kibofu kilichojaa hutoa njia nzuri ya kuona ovari. Anapakwa jeli ya baridi tumboni, basi. Daktari anapima ukubwa wa ovari zote mbili na kuzilinganisha. Anaangalia pia kama damu inapita, lakini mzoefu anajua mtego uliopo hapo: damu inaweza kuonekana ikipita na ovari ikawa imejisokota vilevile. Kwa hiyo kama mtoto anaumwa kwa namna niliyoieleza na ovari moja imevimba, daktari mwangalifu hasubiri picha ikamilike. Anampeleka chumba cha upasuaji.

Sasa nafika penye jambo linaloniuma sana. Kwa miaka mingi, daktari wa upasuaji akikuta ovari nyeusi aliiondoa. Aliamini imekufa. Tena aliogopa kwamba akiikunjua, damu iliyoganda ndani ya mishipa itafyatuka na kwenda kuziba mapafu. Wasichana wengi waliamka kutoka kwenye nusu kaputi wakiwa na ovari moja, na wengine, ambao ovari zao zilijisokota pande zote mbili kwa nyakati tofauti, waliamka hawana hata moja. Kisha madaktari waliothubutu kuikunjua na kuiacha walianza kuandika walichokiona. Ile hofu ya damu kuziba mapafu haikutokea. Na ovari ambazo zilikuwa nyeusi kama mkaa, zikipimwa kwa altrasaundi miezi kadhaa baadaye, zilionekana zikikuza mayai. Sababu moja ni kwamba ovari inapokea damu kutoka njia mbili, ateri yake yenyewe na tawi linalotoka kwenye mfuko wa uzazi, kwa hiyo si rahisi ikauke kabisa. Weusi ule ni damu iliyokwama, na damu iliyokwama inaweza kuondoka.

Siku hizi mafundisho ya upasuaji wa watoto yako wazi: ikunjue, iache. Kama kuna uvimbe ndani yake unaoonekana si wa hatari, unaweza kumenywa na ganda la ovari likabaki, au daktari akaiacha ipone kwanza na kurudi wiki kadhaa baadaye. Nawaambia haya nyinyi watoto ili muwaambie wazazi wenu, kwa sababu mzazi ndiye anayetia saini fomu kabla ya upasuaji, usiku, akitetemeka. Ana haki ya kumuuliza daktari kwa adabu: "Daktari, mkiikuta imejisokota, mtaweza kuikunjua na kumwachia mtoto?" Hakuna daktari mzuri atakayeudhika kwa swali hilo.

Uvimbe wenyewe ni nini? Mara nyingi ni kifuko cha maji tu. Ila katika uvimbe unaoota kwa kukua kwa nyama, unaoonekana zaidi kwa wasichana wadogo ni ule uitwao teratoma, na huo ndio unaotisha watu hata wakaacha kufikiri. Ukipasuliwa, ndani mna mafuta mazito ya manjano, nywele, vipande vya mfupa, na wakati mwingine meno. Ndiyo, meno, magumu kama haya yenu.

Mnaweza kuwaza maneno yanayozunguka kijijini mtoto akitolewa kitu kama hicho. Amerogwa. Kala nywele za watu. Alikuwa na pacha akammeza. Familia inagombana na jirani, mtoto anaogopwa na wenzake. Hebu nieleze kilichotokea kweli, maana ukweli wenyewe unashangaza kuliko uchawi.

Mimba ikiwa na wiki nne hivi, mtoto ni mdogo kuliko punje ya mchele, na zile seli zitakazokuja kuwa mayai hazimo ndani ya ovari, kwa sababu ovari hazijatokea. Ziko nje kabisa, kwenye ukuta wa kifuko cha kiini kilichoshikana na mtoto. Zinaanza safari. Zinatembea zenyewe, kupitia ukuta wa utumbo unaoumbika, hadi mahali ambapo ovari zitajengwa, na wiki ya sita zimekwisha kufika. Seli hizi zina uwezo wa ajabu: zinaweza kuzaa nyama ya aina yoyote ya mwili, kwa sababu kazi yake siku moja ni kutoa binadamu mzima. Sasa, mara chache, seli moja huanza kugawanyika yenyewe kabla ya wakati wake, bila mbegu ya baba, bila mpango. Inatengeneza ngozi, na ngozi kazi yake ni kuotesha nywele na kutoa mafuta, basi inaotesha na kutoa, humo humo ndani. Inatengeneza mfupa, inatengeneza jino, kila kimoja mahali pasipo pake. Si pacha. Hakuna mtoto mle. Seli nyingine hupotea njiani zisifike kwenye ovari, na ndiyo maana teratoma huonekana pia kwenye mkia wa uti wa mgongo wa kichanga, au kifuani. Rudolf Virchow, mwanasayansi Mjerumani aliyewafundisha madaktari kutafuta ugonjwa ndani ya seli, ndiye aliyeupa uvimbe huu jina lake mwaka 1863. Teratoma nyingi za wasichana wadogo si saratani. Zikitolewa vizuri, habari imekwisha.

Kuna uvimbe mwingine ambao hauji na maumivu kwanza, unakuja na homoni. Mtoto wa miaka 4 au 5 anaota matiti, au anatoka damu kama mwari. Mama anashtuka, anaficha, anafikiria mabaya juu ya watu wa nyumbani. Ni kweli mtoto anayetoka damu lazima achunguzwe kama ameumizwa na mtu, na hilo lisifichwe kamwe. Lakini aangaliwe na ovari pia, kwa sababu kuna uvimbe wa seli zinazolizunguka yai ambao hutengeneza homoni za kike kwa wingi, na mwili mdogo unatii kama umeambiwa ukue.

Na kuna jambo linalofanana na hilo kwa wasichana wakubwa kidogo, wa miaka 11, 12, 13. Hili nataka mlielewe sana. Tumbo la msichana likianza kutoka mbele, watu hawasemi uvimbe. Wanasema mimba. Wanasema kwa kunong'ona kisimani, kisha shuleni, kisha usoni mwake. Katika nchi ambayo hadi Novemba 2021 msichana aliyepata mimba hakuruhusiwa kurudi shule ya serikali, kama ilivyokuwa Tanzania, mnaelewa kwa nini mtoto angevaa sweta kubwa kwenye joto la Tanga na kukaa kimya miezi mitatu.

Kibaya zaidi, kipimo cha mkojo kinaweza kumsingizia. Kipimo kile hakimtafuti mtoto. Kinatafuta homoni ambayo mimba huitoa. Baadhi ya uvimbe unaotokana na seli za mayai hutoa homoni hiyo hiyo. Mistari miwili inajitokeza, na binti hajawahi kumjua mwanamume. Anaapa, anachapwa, anaapa tena. Altrasaundi ya dakika kumi ingeonyesha kwamba hakuna mtoto, kuna uvimbe, na kwamba siku zinakwenda. Kupima mimba si kosa. Daktari hupima kwa sababu mimba iliyotungwa nje ya mfuko wa uzazi nayo ni dharura inayoua. Kosa ni kukomea hapo, kuusikiliza mstari wa kipimo na kutomsikiliza mtoto.

Kwa hiyo damu ya mtoto mwenye uvimbe hupimwa vitu kadhaa. Kimojawapo ni protini iitwayo alfa-fetoprotini, ambayo hutengenezwa kwa wingi na ini la mtoto aliye tumboni na kile kifuko cha kiini nilichokitaja, halafu hupungua sana baada ya kuzaliwa. Mwaka 1959 Gunnar Teilum, daktari wa Denmark, alieleza uvimbe mkali wa ovari unaofanana na kifuko hicho cha kiini. Uvimbe huo unakumbuka ulikotoka, unaendelea kutoa protini ile ile. Ikionekana imepanda katika damu ya msichana wa miaka 10, daktari anajua kabla hajashika kisu kwamba huyu si wa kumenywa. Ovari hiyo itolewe nzima bila kupasua uvimbe, kwa sababu ukipasuka, seli za saratani humwagika tumboni.

Sasa nije kwetu, Afrika Mashariki, kwa sababu kuna uvimbe wa ovari za watoto ambao historia yake iliandikwa hapa.

Mwaka 1957 katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari Hugh Trowell alimwita mwenzake wa upasuaji, Denis Burkitt, aje kumwangalia mvulana wa miaka 5 ambaye taya zake zilikuwa zimevimba pande zote nne, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt alikuwa mtu wa Ireland, na alikuwa na jicho moja. Lingine lilipotea kwa ajali alipokuwa na miaka 11. Hakuwahi kuona ugonjwa kama ule. Baada ya wiki kadhaa, akiwa hospitali ya Jinja, akachungulia dirishani na kuona mtoto mwingine mwenye uso wa namna ile ile. Mmoja angekuwa ajabu. Wawili wakamfanya aanze kupekua mafaili. Mwaka 1958 alichapisha habari za watoto 38.

Akaona jambo ambalo wengi walikuwa wameliona nusu nusu. Waliotazama taya waliona taya, waliotazama tumbo waliona tumbo. Burkitt na wataalamu wa maabara wa Kampala, akiwamo Gregory O'Conor kutoka Marekani, walitambua kwamba ni ugonjwa mmoja, saratani ya seli za kinga, na kwamba watoto wale wale walikuwa na uvimbe kwenye figo, kwenye ini, na wasichana kwenye ovari, mara nyingi zote mbili. Kuna wasichana ambao taya lao halina kitu kabisa. Ugonjwa unaanzia tumboni, na kwa kuwa seli zake zinaweza kuongezeka maradufu katika siku moja au mbili, gauni lililomtosha mtoto mwanzo wa mwezi halifungi mwisho wa mwezi. Wengine huletwa hospitali utumbo umeziba, wanatapika, dharura kamili.

Burkitt alitaka kujua ugonjwa huo unapatikana wapi na unakoma wapi. Akatuma vipeperushi vyenye picha kwa hospitali za mbali. Kisha Oktoba 1961, mwaka ule ule Tanganyika ilipopata uhuru, akapanda gari kuukuu la aina ya Ford pamoja na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakaondoka Kampala kuelekea kusini. Waliendesha majuma kumi, maili zipatazo 10,000, kupitia Tanganyika na Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi, hadi Afrika Kusini, wakisimama kwenye hospitali za serikali na za misheni, wakionyesha picha na kuuliza swali moja: mmemwona mtoto kama huyu? Majibu walipoyaweka kwenye ramani yakachora mkanda. Ugonjwa ulikuwa kwenye nchi za joto na mvua, za tambarare na kando ya maziwa, na ulitoweka kwenye nyanda za juu zenye baridi. Ni ramani ya mbu, wanangu. Leo inajulikana kwamba malaria inayomrudia mtoto mara kwa mara inamfungulia njia ugonjwa huu.

Malaria haiko peke yake. Machi 1961 Burkitt alitoa mhadhara London, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo mtafiti Anthony Epstein, aliyetoka pale akiwa na hakika kwamba kuna virusi. Vipande vya uvimbe vikawa vinatumwa kwa ndege kutoka Kampala. Mwaka 1964 Epstein na wenzake, Bert Achong na Yvonne Barr, wakatangaza virusi walivyoviona kwa darubini ya elektroni ndani ya seli hizo. Ndivyo virusi vya kwanza kujulikana vinavyohusika na saratani ya binadamu. Karibu sisi sote tunavibeba na havitudhuru. Ni vinapokutana na malaria isiyokoma katika mwili wa mtoto mdogo ndipo mambo yanaharibika.

Na kinachonifanya nimheshimu Burkitt zaidi ya safari yake ni hiki: alikuwa mtu wa kisu, akakiweka kisu chini. Alijaribu dawa, kama siklofosfamidi na methotreksati, akaona uvimbe uliokuwa umeharibu uso wa mtoto ukinywea ndani ya siku chache. Mwaka 1967 kituo cha kutibu ugonjwa huu kilianzishwa Mulago, nacho ndicho kilichokua kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Kwa msichana mwenye ugonjwa wa Burkitt kwenye ovari zote mbili, jambo hili ni kubwa. Daktari asiyeujua anaweza kuziona zimejaa nyama, akazikata zote mbili kwa nia njema. Anayeujua anachukua kipande kidogo, anakipeleka maabara, na kuanza dawa, ovari zinabaki.

Kwa ule uvimbe wa kifuko cha kiini, dawa ilitokea mahali ambapo hakuna aliyekuwa akiitafuta. Mwaka 1965 mwanasayansi Barnett Rosenberg, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, alikuwa akichunguza umeme unafanya nini kwa bakteria. Bakteria wakaacha kugawanyika, wakawa wanarefuka tu. Haukuwa umeme, ilikuwa madini ya platinamu yaliyokuwa yakiyeyuka kutoka kwenye vijiti vya umeme. Kinachozuia bakteria kugawanyika huenda kikazuia na saratani, akawaza, na kutoka hapo ikapatikana sisplatini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1978. Kabla ya dawa hiyo na wenzake, karibu kila msichana mwenye uvimbe ule alifariki. Sasa wengi wanapona, pale dawa inapofika kwa wakati. Si dawa ya mchezo. Inaweza kudhuru masikio na figo, na wanaoitumia hupimwa viungo hivyo mara kwa mara.

Pale dawa inapofika kwa wakati, nimesema, na hapo ndipo moyo unaponiuma, maana zahanati nyingi za vijijini hazina altrasaundi, na kutoka zahanati hadi hospitali ya rufaa ni bodaboda, kisha basi, kisha kulala kwenye foleni. Kinachoweza kupunguza safari hiyo ni maneno ya mtoto mwenyewe. Mkifika kwa daktari semeni maumivu yalianza lini, kama yalianza ghafla, kama yanakuja na kuondoka, mmetapika mara ngapi, kama tumbo lilikuwa limekua kabla ya kuuma. Kama mmevunja ungo, semeni. Daktari asije akaambiwa kwamba mtoto anaumwa tumbo, basi. Na tumbo lenye uvimbe lisikandwe, hata kwa mikono yenye upendo. Uvimbe unaweza kupasuka au kuvuja damu ndani.

Najua kuna swali ambalo msichana aliyepasuliwa hulibeba kimya kimya: nimebaki na ovari moja, je, nitakuwa mama? Ovari moja inatosha. Itafanya kazi ya mbili, hedhi itakuja, na mayai yaliyomo ni mengi kuliko atakayoyahitaji. Daktari ataendelea kuiangalia kwa altrasaundi kwa miaka kadhaa, kwa sababu teratoma kwa wasichana wachache hutokea pande zote mbili. Wapo hata wanawake waliobaki na ovari ya kushoto na mrija wa kulia, yaani mrija unaolipitisha yai hadi kwenye mfuko wa uzazi, pande zisizokutana, wakashika mimba na kujifungua salama: yai lilitoka upande mmoja, na mrija wa upande wa pili ukalifuata na kulidaka.